Itazameni karakana ya Akila

Mhariri, wiki hii mmeuliza: imani ya Kikristo ilieneaje katika miaka 300 ya kwanza, kabla haijapata mfalme wa kuilinda? Najua wengi watataja barabara za Warumi, na hatakosekana wa kumtaja Konstantino, Kaisari wa Roma aliyeikubali imani hii. Konstantino tumwache, mwaka 312 alikuta shamba limeshalimwa. Barabara nazikubali, ila mimi naishi Makambako, njia panda ya Songea na Mbeya, malori yanapita usiku na mchana, na sijawahi kuona lami ikimshawishi mtu jambo lolote. Anayeshawishi ni dereva aliyeshuka kusubiri turubai lake litiwe kiraka.

Kazi yangu ni kushona maturubai. Kwa hiyo nikisoma Matendo ya Mitume sura ya 18, macho yangu hukimbilia kwenye kazi kabla ya mahubiri. Paulo anafika Korintho, karibu mwaka 50. Anakutana na Akila, Myahudi mzaliwa wa Ponto, na mkewe Prisila. Wametoka Italia juzijuzi kwa sababu Kaisari Klaudio amewafukuza Wayahudi Roma. Ufundi wao na wa Paulo ni mmoja, kushona mahema. Basi anahamia kwao, wanafanya kazi pamoja. Katika mji ule alikaa mwaka na nusu.

Asiyewahi kushona kitu kikubwa hawezi kujua mwaka na nusu wa namna hiyo una maneno mangapi. Turubai la lori halishonwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye cherehani, mwenzake analibeba begani na kulisogeza lisiilemee sindano. Zile pembe nene ambazo mashine inazikataa tunakaa chini tukitazamana, kila mtu na shazia yake. Mikono imeshikwa, masikio yako huru. Mteja naye amekalia tairi kuukuu, hana pa kwenda. Hapo ndipo ninapojua nani anaumwa, nani kaachwa, nani kaacha pombe na kaiachaje. Na tofauti na kanisani Jumapili, karakanani unaweza kumkatiza msemaji ukamwuliza: wewe umejuaje?

Sasa wafuateni mtu na mkewe. Kutoka Korintho wanahamia Efeso. Huko wanamsikia Apolo, msomi wa Aleksandria, hodari wa Maandiko lakini kuna mambo hayajamfikia. Wanamchukua kando, wanamweleza vizuri zaidi. Mshona mahema na mke wake wanampa somo msomi wa Aleksandria! Paulo akiandika kutoka Efeso kwenda Korintho anapeleka salamu za kanisa lililo nyumbani mwao. Akiwaandikia Warumi, wameshakuwa Roma tena, na huko pia kuna kanisa nyumbani mwao. Walihama na sindano zao, na kila walipotandika kitambaa watu wakakusanyika.

Mtasema fundi anavutia kamba upande wake. Haya, tumwulize adui. Mnamo mwaka 178 hivi, mwanafalsafa aitwaye Celsus aliandika kitabu kizima kuwaponda Wakristo. Chenyewe kimepotea. Tunakijua kwa kuwa Origene, mwalimu wa Kikristo, alikinukuu vipande vipande akikijibu, miaka kama 70 baadaye. Moja ya kero za Celsus ni hii: majumbani unakuta wachambua sufu, washona viatu na wafua nguo, watu wasio na elimu, ambao mbele ya wakubwa hawafungui kinywa. Lakini wakiwapata watoto na wanawake faragha, maneno hayaishi, na wanawaambia kwamba wakitaka kuujua ukweli waje dukani kwa mshona viatu au kwa mfua nguo. Yeye alikusudia tusi. Mimi naona katuchorea ramani.

Wapo watakaojibu kwamba ni huruma kwa wagonjwa, wajane na yatima. Silibishi hilo. Hata Kaisari Juliano, aliyeipinga imani hii, alilalamika mwaka 362 kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa wengine pia. Ila kumlisha mwenye njaa kunataka kwanza ujue leo hajapika, na hilo halitangazwi sokoni.

Shahidi wangu wa mwisho ni Plinio, gavana wa Bithinia na Ponto, kule kwao Akila. Mwaka 112 hivi alimwandikia Kaisari Traiano kwamba imani hii imeingia mijini, vijijini na mashambani, hadi mahekalu yalikuwa karibu kuachwa tupu na nyama ya sadaka kukosa wanunuzi. Alidhani kuna njama kubwa imejificha. Alichoambiwa ni kwamba watu hukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, humwimbia Kristo kama mungu, hula kiapo cha kutoiba na kutozini, kisha hutawanyika na kukutana tena kula chakula cha kawaida. Hakuridhika. Akawatesa wajakazi wawili, wanawake waliokuwa na cheo cha uhudumu katika kundi lile, ili aupate ukweli wenyewe. Hakupata jipya. Majina yao hakuyaandika, wala kazi waliyofanya kwa mabwana zao. Mimi kila nikiwawaza nawaona wana sufu mapajani.