Una 50 tayari: lenzi ya pili ya kupigia picha mitaani Nairobi

Ndugu, nimelisoma swali lako vizuri. Una Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu), ulianza na ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera, ukaongeza 50 mm f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga, ikiwa ndogo tundu ni pana), na sasa una akiba ya lenzi moja zaidi ya kupigia picha za mtaani katikati ya jiji. Unasitasita kati ya milimita 24, 35 na 85; milimita zikipungua, lenzi inaona upana zaidi. Mimi nakwambia 24, na nitaeleza kwa nini, maana nami nilizunguka karibu miaka miwili na 50 peke yake, kuanzia barabara ya Tom Mboya hadi soko la Gikomba.

Kwanza sensa. Yako ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9, ilhali fremu ya filamu ni 36 kwa 24. Ndiyo maana kwenye Canon za aina hii tunazidisha kwa 1.6: hiyo 50 yako inaona kama 80 kwenye kamera ya filamu. Kila mara kuna mtu wa kukwambia kwamba 50 ndiyo lenzi ya mtaani kwa sababu Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha maarufu wa Kifaransa, aliitumia. Ni kweli aliitumia, lakini kwenye Leica, kamera ya filamu yenye fremu hiyo kubwa. Ukitaka kuona kama alivyoona yeye, kwa kamera yako unahitaji lenzi ya milimita 31 hivi. Niliambiwa maneno hayohayo nilipoanza, nikanunua 50, nikashangaa mbona kila picha ni uso na bega bila mtaa.

Sasa zigeuze milimita ziwe mita. Kumpata mtu mzima, kichwa hadi viatu, kamera ikiwa imelala, 50 inakutaka usimame mita sita kutoka kwake. 35 inataka mita nne na kidogo. 24 inataka mita tatu kasoro. 85 inataka zaidi ya mita kumi.

Nenda River Road saa nne asubuhi utafute hizo mita sita. Upande mmoja ni milango ya maduka, upande wa pili bidhaa zimetandazwa chini, na katikati watu wanapishana mabega. Ili upate mita sita lazima uvuke barabara, na ukishavuka, kati yako na mtu wako kuna matatu, mikokoteni na bodaboda. Siku moja nilimwona mzee akivuta mkokoteni wa viazi, kamba imempita kifuani, mwili umeinama mbele karibu ugusane na mpini. Nilikuwa mita tatu kutoka kwake. Nikarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu ikanitoa kwenye njia ya miguu, na bodaboda ikapita nyuma ya mgongo wangu karibu kiasi kwamba nilihisi joto la injini. Nilipoinua kamera tena, mzee alishapita. Usiku ule nilifungua picha zangu zote za mwezi huo na kuhesabu ngapi zilikatwa miguu au mikono bila mimi kutaka. Zilikuwa zaidi ya nusu. Hapo nikajua kwamba ninachokosa ni nafasi. Sikuhitaji lenzi ya kuvuta mbali.

Kwa sababu hiyo 85 naiondoa mapema. Ni lenzi nzuri ya sura za watu na harusi, ila kwako itakuwa kama 136, na itakurudisha ng'ambo ya barabara. Kuna jambo la heshima pia, na kwangu hili lina uzito kuliko hesabu. Nikiwa na 50 nilizoea kusimama mbali. Mama mmoja anayeuza njugu karibu na steji aliniona kutoka ng'ambo, akaacha sinia lake, akavuka hadi nilipo. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kijana wangu, mbona unanipigia huko mbali? Kama unataka picha si uje?" Nilimwomba msamaha, nikafuta picha mbele yake. Ukiwa na 24 huna budi kuwa mahali ambapo mtu anakuona, anaweza kukwambia hapana, na wewe unaweza kumsalimu. Wengine wanakataa, na hilo linaisha hapo. Yule mama nilimrudia baadaye, nikapiga picha ya mikono yake ikifunga njugu kwenye karatasi, yeye mwenyewe akinionyesha upande wenye mwanga.

35 je? Si mbaya, ila kwako inaona kama 56, na hiyo iko karibu mno na unachomiliki. Utabadilisha lenzi na usione tofauti kubwa. Kwa umbali wa mita mbili 50 inabeba upana wa sentimita 89, 35 inabeba mita moja na robo, 24 inabeba mita moja na sentimita 86. Huo wa mwisho unamtosha makanga mlangoni, abiria anayepanda, na yule anayebishana naye nauli, wote watatu ndani ya fremu moja.

Faida nyingine utaipata kwenye fokasi. Weka f/8, lenga kitu kilicho mita mbili na nusu, hatua kubwa tatu hivi, kisha sukuma swichi ya lenzi kutoka AF (inajilenga yenyewe) hadi MF (unailenga kwa mkono) ili fokasi isihame. Kwa 24, kila kitu kuanzia mita moja na nusu hadi saba kitaonekana makali. Ukifanya hivyohivyo na 50, kilicho makali hakifiki hata mita moja: huanzia mita mbili na kitu, na kabla ya tatu kimeshaisha. Kwenye msongamano wa soko la Muthurwa hiyo ndiyo tofauti kati ya kuinua kamera na kupata, na kuinua kamera huku mota ya lenzi ikitafuta nani wa kumlenga. Kasi ya shata usiishushe chini ya 1/250 ya sekunde kwa watu wanaotembea, na kwa matatu inayong'oa, 1/500. Jua letu la saa sita liko utosini, mwenye kofia huyaoni macho yake, kwa hiyo toka kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mawingu ya Julai nayo ni rafiki mkubwa, mwanga unalainika mchana kutwa.

Hiyo 24 ina dhambi zake. Usimweke mtu pembeni kabisa mwa fremu akiwa karibu, kichwa kitavutika. Na ukisimama mbali inakuletea nyaya, mabango na paa za vibanda, na yule mtu uliyemtaka anakuwa mdogo kama sisimizi. Inakutaka usogee. Wiki za mwanzo utaona picha zako zimejaa takataka, na hilo litapungua miguu ikishajifunza.

Kabla hujatoa hela, chukua ile 18-55, zungusha hadi 24, funga pete kwa kipande cha teipu, na utembee hivyo wiki mbili bila kuigusa. Ukirudi nyumbani na kukuta karibu kila picha unaikata kwenye kompyuta ili umpate mtu mmoja, basi mimi nimekosea kuhusu macho yako, baki na 50.

50 usiiuze hata hivyo. Jioni, taa zikishawashwa na mutura, ile soseji ya kuchoma ya mtaani, iko kwenye moto, f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8 ya hiyo 24 nyembamba ya Canon. Na pale bustani ya Jeevanjee wakati wa chakula cha mchana, wahubiri wanapohubiri na watu wamekaa kwenye nyasi, mita sita zipo.

Hiyo 24 ina uzito wa gramu 125 tu na unene wa sentimita mbili na kitu, kamera inaingia kwenye mfuko wa koti. Ukiipata ya mtumba, ipitishie tochi ya simu kutoka nyuma na uangalie ndani kama kuna nyuzi nyuzi kama za buibui. Hiyo ni kuvu, na lenzi zilizokaa miaka kwenye unyevu wa Pwani huwa nayo mara nyingi. Ukiiona, rudisha na uondoke, hata bei ikipunguzwa nusu.