Vipande vidogo usivitupe: tengeneza kitambaa kwanza, mraba ukate baadaye

Dada, umeuliza mambo mawili: kwa nini miraba yako ya viraka inatoka ukubwa tofauti wakati vipande ulivipima vizuri, na kama mabaki yaliyo chini ya inchi mbili yana kazi au yaende jalalani. Nimeshona viraka miaka mingi, kwa hiyo nakujibu kwa jinsi ninavyofanya mimi. Wengine wataongeza yao.

La ukubwa kwanza. Kwenye viraka, mshono huachiwa robo inchi, yaani kama milimita 6. Mshono wako ukizidi milimita moja tu, unakula kipande cha kushoto na cha kulia pia, hivyo umeshapoteza milimita mbili. Mstari wenye vipande tisa una mishono minane, na hapo zimeondoka milimita 16, zaidi ya nusu inchi, ingawa vipimo vyako vya kukatia vilikuwa sawa kabisa. Kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono nacho kinameza kidogo, ndiyo maana washonaji wengi hupitisha sindano uzi mmoja hivi pungufu ya robo inchi. Kujua cherehani yako iko wapi ni rahisi: kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1½, viunganishe ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza mshono nje. Kikizidi, uingize ndani. Ukishapata mahali penyewe, bandika utepe kwenye bamba la cherehani uwe mpaka wako.

Lakini kwa mabaki, mimi nisingepita njia hiyo ya kupima kila kipande. Mabaki hayana umbo moja, na ukilazimisha yawe na umbo moja utakata nusu yake na kuitupa, sasa faida iko wapi? Geuza mpangilio. Unganisha vipande ovyo mpaka upate kitambaa kikubwa kuliko mraba unaoutaka, ndipo ukate mraba kutoka humo. Ukubwa unaamuliwa na mkato wa mwisho peke yake, na yale makosa ya milimita moja moja huko ndani hayamsumbui mtu.

Inakwenda hivi. Chukua vipande viwili vyenye walau upande mmoja ulionyooka, shona, piga pasi, nyoosha ukingo kwa rula na mkasi, kisha ongeza cha tatu kwenye upande wowote unaokitosha. Usikate uzi kila unapomaliza jozi; ingiza jozi inayofuata moja kwa moja chini ya mguu wa cherehani, zitoke zikiwa zimefuatana, halafu uzitenganishe zote kwa pamoja unapokwenda kwenye pasi. Muda unaookolewa hapo ni mwingi ajabu. Kila unapoongeza, pasi. Mshono usiopigwa pasi kabla ya kukatizwa na mwingine utakuletea mikunjo isiyotoka tena. Na pasi ibonyeze, uinue, uibonyeze pengine. Ukiisukuma huku na huko utavuta kitambaa na mraba utapinda.

Bonge lako likifika kama inchi 7 kila upande, kata mraba wa inchi 6½. Ukiunganishwa na wenzake utabaki inchi 6. Ukitaka wa inchi 12, kata 12½. Makombo yanayobaki kwenye kukata yarudi kwenye kapu, yataingia mraba mwingine.

Vile vyembamba kabisa, vya upana wa kidole, hushonewa juu ya kitambaa chepesi cha chini, shuka kuukuu kwa mfano. Weka kipande cha kwanza uso juu, cha pili uso kwa uso juu yake, shona, kifunue, piga pasi, endelea mpaka uifunike shuka yote. Karatasi nayo inafaa, ila punguza urefu wa kila pigo la sindano uwe kama milimita 1.5 ili karatasi ichanike kirahisi baadaye. Mimi napenda shuka. Kuchambua karatasi kwenye mishono ni kazi ya adhabu, na kile kitambaa cha chini kinazuia mambo ya hanamu: kipande kilichokatwa mshazari wa uzi huvutika, na mabaki mengi, hasa ya kwapa na shingo za nguo, yamekatwa hivyo hivyo.

Kama una mabaki marefu, yafanye mtindo wa kibanda cha magogo. Katikati weka mraba wa inchi 2½, zungushia vipande vya upana wa inchi 1½. Kila mzunguko unaongeza inchi 2, kwa hiyo mizunguko mitano inakupa mraba wa inchi 12 ukishaunganishwa. Pande mbili zinazokutana ziwe za rangi nyepesi, mbili nyingine nzito, utaona mraba umegawanyika wenyewe kwa mshazari.

Hapo ndipo penye siri ya mabaki kuonekana kazi badala ya fujo, na watu hupoteza muda wakilinganisha nyekundu na bluu. Kinachobeba ni weupe na weusi wa kitambaa. Yapige picha kwa simu, iondoe rangi: yatakayofanana kijivu yatamezana, hata kama moja ni kijani na lingine waridi. Gawa mafungu mawili tu, nzito na nyepesi. Yale ya katikati yatakwenda popote yanapohitajika.

Usichanganye kitambaa cha fulana na pamba ngumu bila kukitia mgongo wa kubandika kwa pasi, kwa sababu kimoja kitavutika na kingine kitakataa. Kitambaa cha jinzi na pamba nyepesi vinapatana kwa shida. Kitambaa kipya chenye rangi kali kifue peke yake kwanza. Kikichuja ndani ya blanketi la viraka ulilokwisha kulishona, huna la kufanya.

Na ukiona miraba yako haina mpangilio, usione haya. Wanawake wa Gee's Bend huko Alabama, Marekani, walitumia nguo kuukuu za kazi, na blanketi zao zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, mwaka 2002. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao wana asili ya Afrika, hawashoni hata miraba: huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati kwa mkono, kiraka juu ya kiraka. Njia yao ningependa sana kuijaribu kwa subira zaidi ya niliyo nayo sasa.

Kuhusu kuunganisha, miraba ya mabaki ina mishono mingi na inakuwa minene. Kwa pasi, laza kingo za kila mshono moja huku na moja huku badala ya kuzilaza zote upande mmoja, tumia sindano namba 90, na kati ya mraba na mraba weka ukanda wa kitambaa kimoja kisicho na maua, ili mishono isilazimike kukutana uso kwa uso. Miraba 20 ya inchi 12, minne kwa mitano, inakupa inchi 48 kwa 60 kabla ya kuhesabu hizo kanda. Unapofika kwenye kuweka tabaka la pamba katikati na bitana chini yake, kama cherehani inagoma kupita kwenye makutano, acha kuibembeleza: funga mafundo ya uzi mnene kwa mkono kila baada ya inchi nne hivi, ila kwanza soma maelezo ya ile pamba ya ndani, maana kila aina ina umbali wake wa mwisho kati ya fundo na fundo.