Jibu: Binti anarusha kwa kasi, lakini sasa wanampiga

Dada, umesema binti yako, mrushaji wa softiboli (mchezo unaofanana na besiboli), alikuwa hagusiki, na sasa wapigaji wameshamzoea. Jicho la mpigaji huzoea kasi moja, binti hana kosa. Mfundishe kwanza mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji: mkono uzunguke kwa nguvu ileile, ila mpira ukae ndani zaidi kiganjani. Akipunguza kasi ya mkono, mpigaji atashtuka mapema na kuusubiri mpira. Hapo ndipo binti yangu alipohangaika miezi. Kisha alenge: magotini pa mpigaji, ndani (karibu na mwili wake), nje (mbali naye). Mipira ya kupinda isubiri, nakuomba. Huku Marekani, akiingia kundi la chini ya miaka 14, umbali wa kumrushia mpigaji unatoka futi 40 hadi 43, kwa hiyo anza sasa.