Praiveti kuomba urubani wa jeshi
Dogo, umeuliza kama ukiwa praiveti huko Mtwara unaweza kuomba urubani moja kwa moja. Hapana, kwanza uofisa, maana yake Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi. Hao uliosoma kwamba huomba moja kwa moja ni Wamarekani: kwao askari wa cheo cha chini anaweza kuomba uafisa mteule (cheo kilicho kati ya askari wa kawaida na ofisa) akarushe helikopta, hata bila shahada. Kwetu uafisa mteule ni habari nyingine kabisa.

Ombi lianzie kwa kamanda wa platuni yako, lipande ngazi kwa ngazi. Ukiruka hata moja, imekula kwako.

Halafu macho! Kapime mapema pale hospitali ya Ligula, hasa rangi: unaonyeshwa duara la vitone, usome namba iliyojificha ndani. Kuna wanaogundulia hapo kwamba nyekundu na kijani zinawachanganya.

Fizikia na hesabu umefaulu?