Kuku Wakifa kwa Kideri, Usiwatupe Jaani

Juzi msomaji wa Likoni kaniandikia: "Dada, kuku arubaini wamekufa tangu Ijumaa. Niwatupe wapi?" Uso ukanipata moto. Swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Nilikuwa na kuku wa mayai 180, Kisauni. Alfajiri moja nikamkuta mmoja kapinda shingo, anatazama paa kama anayehesabu mabati, kinyesi chake kijani. Kufika Jumatano banda lilikuwa kimya. Chanjo nilikuwa naiahirisha kila wiki, na kichupa kimoja chachanja kuku mia!

Nikaona haya. Usiku nikajaza viroba, nikampa kijana wa mkokoteni akavitupe jaani. Kulipokucha mbwa walikuwa wamevipasua, manyoya yametapakaa hadi mlangoni kwa jirani. Wiki haikuisha, kuku wake wa kienyeji nao wakaanza kuzubaa. Mpaka leo salamu yangu haitikii. Arusi ya bintiye niliisikia kwa ngoma tu, nikiwa jikoni kwangu.

Basi nisikilizeni. Virusi vya kideri havifi na kuku. Vinabaki kwenye mzoga, manyoya, kinyesi, mpaka soli ya kiatu chako. Chimba shimo. Najua Mombasa chini ni mwamba wa matumbawe. Kibarua wangu wa pili, nilipopata akili, alivunja mipini miwili ya sururu. Chimba tu, kama mita mbili, mizoga ifunikwe na udongo usiopungua mita moja, na chokaa juu yake. Ukikutana na maji, acha. Visima vyetu vya uani ni vifupi, na maji hayo kuna mtu anayapikia. Hapo choma kwa kuni mpaka ibaki jivu, wala usichanganye na plastiki. Mpigie afisa wa mifugo kwanza, aibu weka kando.

Na wewe unayewahi kuwachinja wanaosinzia ukamuuzie mama wa kibandani, hivi humuogopi Mungu? Damu na manyoya yale ndiyo yanayoupeleka ugonjwa mtaa wa pili. Unajua unachofanya. Mimi pia nilijua, usiku ule wa viroba.

Jana yule wa Likoni kanitumia picha. Amesimama ndani ya shimo, ukingo unamfika kiunoni, anatabasamu. Nimemjibu aendelee kuchimba.