Maswali ya wasomaji: Paka wangu kanenepa, nimpe chakula mara ngapi kwa siku?

SWALI: Habari za kazi. Nina paka jike wa miaka 4, anaitwa Kipusa, alifungwa kizazi akiwa na miezi 6 na wakati ule alikuwa mwembamba kabisa. Sa hivi ana kilo 6, daktari wa mifugo kasema anatakiwa awe na kilo 4 na nusu hivi. Bakuli lake la chakula kikavu halikosi kitu, nikiona limeshuka najaza, maana nilisikia paka anajua mwenyewe kiasi chake. Sasa nataka nianze kumpa kwa saa. Nimpe mara moja, mbili au ngapi? Na akinililia saa kumi alfajiri nifanyeje, maana huwa namuonea huruma namwekea. – Mama Kipusa

JIBU: Mama Kipusa, hilo la mara ngapi tutalifikia, ila tuanze na kiasi gani, maana hapo ndo wengi wanapokosea. Unaweza kumpa paka mara moja kwa siku akanenepa na ukampa mara tano akapungua, kinachoamua ni jumla ya siku nzima. Na hiyo ya paka kujua kiasi chake ni kweli kwa baadhi yao, lakini paka wa ndani aliyefungwa kizazi mara nyingi hayumo, kwa sababu baada ya ile operesheni mwili unatumia chakula pungufu kuliko zamani huku hamu ya kula ndo kwanza inapanda. Bakuli ni lile lile, kilo zinaingia taratibu, mpaka siku unambeba unashtuka.

Kwa hiyo tafuta mizani ndogo ya jikoni, inayosoma gramu. Kikombe kinadanganya, mkono unadanganya zaidi. Paka wa kilo 4 hivi anayekaa ndani anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku, na chakula kikavu kingi kina kati ya 350 na 400 kwenye kila gramu 100 (soma pakiti yako), yaani siku nzima ni kama gramu 50 hadi 57 tu. Najua unaona ni kidogo, kila mtu anaona hivyo mara ya kwanza! Sasa fikiria ukizidisha gramu 10, ambazo kwa macho huwezi kuziona, hapo umeshamuongezea karibu sehemu moja ya tano ya mahitaji yake, kila siku, mwaka mzima.

Lakini naomba sana usimkate ghafla. Wiki hii mpimie tu kile anachokula sasa, uandike, pamoja na vitafunwa na vile vipande anavyopewa na watu wa nyumbani wakati wa kula, alafu peleka hiyo namba kwa daktari akupangie kiasi cha kumshusha. Paka anatakiwa apungue kati ya asilimia 0.5 na 2 ya uzito wake kwa wiki, kwa Kipusa ni gramu 30 hadi 120, mimi ningelenga 50 au 60 hivi, kwa hiyo kilo moja na nusu itachukua nusu mwaka au zaidi, na ni sawa kabisa. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na ini linaweza kushindwa kazi, na hilo linaua. Ule ushauri wa "mwache, njaa ikimbana atakula" usiufuate kwa paka. Akigoma kula kwa saa 24 mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Sasa mara ngapi. Paka akijiwindia mwenyewe anakula vitu vidogo vidogo mara nyingi, panya huyu, mjusi yule, mchana na usiku, kwa hiyo mlo mmoja mkubwa haumfai. Gawa kile kiasi cha siku mara mbili kwa uchache, ukiweza mara tatu au nne ndo vizuri zaidi: asubuhi, ukirudi nyumbani, jioni, na kidogo kabla ya kulala. Pima chote asubuhi uweke kwenye chombo kimoja kisha uwe unachota humo, kikiisha kimeisha, hata kama mwingine nyumbani anasema paka hajapewa (anajua kuigiza huyo). Vitafunwa navyo vinatoka humo humo, visizidi asilimia 10 ya kalori za siku.

Kama anakubali chakula cha kopo, mchanganyie kwenye ratiba, maana robo tatu ya kile ni maji, kalori zake kwa gramu ni chache sana, sahani inaonekana imejaa na yeye anashiba. Ukibadilisha fanya polepole kwa wiki nzima au siku 10.

La alfajiri, ulipomwekea mara ya kwanza alijifunza kwamba kulia kunaleta chakula. Cheza naye kama dakika 10 kabla ya kulala, akimbize kamba achoke, kisha mpe ule mlo wa mwisho. Asubuhi ukiamka usianze na bakuli, oga kwanza, fanya mambo yako, ndo umpe. Siku za mwanzo atalia zaidi ya hapo na utaumia roho, lakini ukilegea siku moja unaanza upya.

SWALI: Nina paka wawili, kijana ni mnene na mzee wa miaka 13 anazidi kukonda ingawa anakula sana. Nikiweka chakula kijana anamaliza vyote. Niwalisheje?

JIBU: Walishe vyumba tofauti, mlango umefungwa, dakika 20 kisha ondoa mabakuli yote. Ukikosa chumba, mzee mwekee juu ya meza kama bado anaweza kupanda, wengine wana viungo vinavyouma hawarukii tena. Kijana mpime kila baada ya wiki mbili, simama naye kwenye mizani kisha simama peke yako utoe. Na umpapase mbavu, ukizisikia chini ya vidole bila kukandamiza yuko vizuri, ila ile ngozi inayoning'inia tumboni isikutishe, paka wengi wanayo hata wembamba.

Ila aliyenishtua kwenye barua yako ni huyo mzee. Paka wa umri huo anayekula sana huku anakonda, chakula cha kuibiwa kinaweza kuwa sababu, lakini inaweza pia kuwa tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, au kisukari, na vyote vinaonekana kwenye kipimo cha damu na vina matibabu. Usisubiri uone ratiba mpya itafanya nini, mpeleke wiki hii.