Jibu kwa mleta mada: Kiingereza kimeshuka, au wachapaji tumeondoka katikati?

Mleta mada, nimesoma malalamiko yako na michango ya wadau mpaka ukurasa wa mwisho. Umetangaza nafasi ya mtu wa mapokezi kwenye ofisi yako ya utalii hapa Arusha. Barua ulizopokea karibu zote zina "Iam" iliyoshikana, "there" imekaa mahali pa "their", sentensi zinaanza kwa herufi ndogo, na mkato umemwagwa popote. Ukahitimisha kwamba wazee wetu walijua Kiingereza na vijana wa leo hawajui. Wengi wamekuunga mkono. Mimi napinga, na sipingi kwa kuwaonea vijana huruma. Napinga kwa sababu najua barua za hao wazee zilivyokuwa kabla hazijatoka ofisini.

Nilisomea uhazili Tabora enzi za taipureta, nikachapa kwenye maofisi ya hapa mjini, baadaye nikafungua steshenari yangu Kaloleni. Zamani nilichapa barua za mabosi, sasa nachapa za wanaotafuta mabosi.

Bosi wa enzi zile alikuwa haandiki barua. Alikuwa anasema, wewe unachukua kwa hatimkato (yale maandishi ya alama ya kufuata maneno ya msemaji), au anakuachia rasimu ya kalamu kwenye karatasi iliyokunjamana. Rasimu zile, kaka, ungeziona! Mtu ana koti na tai, ana shahada ya ng'ambo, na "recieve" yake imekaa hivyo hivyo kila wiki. Aya nzima haina nukta. Kitenzi cha wakati uliopita kimepandana na cha wakati ujao. Mhazili anasoma, ananyoosha, anachapa, anapeleka isainiwe. Barua inafika Dar es Salaam au London, na huko wanasema bwana fulani anaandika Kiingereza safi sana. Chini kabisa, upande wa kushoto, zilikuwepo herufi ndogo za jina la mchapaji baada ya mkwaju. Hizo ndizo zilikuwa saini yetu, na hakuna aliyezisoma. (Majina ya mabosi sitaji. Wengine bado tunakutana nao kanisani.)

Kwa hiyo unapolinganisha barua ya mwaka 1985 iliyoko kwenye faili na barua aliyokutumia kijana juzi kutoka kwenye simu, unalinganisha kazi ya watu wawili na kazi ya mmoja. Ya kwanza ilipita kwa mhazili, mara nyingine na kwa karani mkuu juu yake. Ya pili imetoka kidoleni mwa mwenyewe, akiwa ndani ya daladala, mpaka kwenye skrini yako.

Kuna na suala la gharama ya kosa, ambalo sijaona mdau amelitaja. Ukichapa nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, kosa moja unalifuta mara tatu, moja moja, na nakala ya mwisho inabaki na doa. Kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia nakala nyingi, ilikuwa balaa zaidi, maana kosa lisiloonekana linatoka kwenye kila karatasi ya kikao. Ndiyo maana tulisoma rasimu mpaka mwisho kabla ya kugusa kibonyezo hata kimoja. Leo kosa linafutwa bure, tena hata baada ya kutuma. Kijana hasomi tena alichoandika, kwa kuwa hakuna kinachomwadhibu asiposoma.

Halafu ikaja meseji ya simu. Ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu, ukizidi unalipia wa pili. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, na vocha ilikuwa ghali. Ndipo zikazaliwa "cjui", "2taonana", "xaxa" na jamaa zao. Watu wanasema ule ulikuwa uvivu, lakini mimi niliona ni hesabu ya hela. Kikomo kimeondoka, mazoea yamebaki. Na wewe mwenyewe mleta mada umeandika "alafu" mara mbili kwenye uzi wako, tumekuacha tu kwa heshima.

Manung'uniko haya hata kwa wenye lugha yao ni ya zamani. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alimwandikia waziri wa Uingereza Robert Harley akitaka Kiingereza kisafishwe na kufungiwa mahali pamoja, na moja ya vitu vilivyomkera ni tabia ya watu kukatakata maneno. Wakati huo hata kamusi kubwa ya Kiingereza ya Samuel Johnson haijatoka. Ilitoka mwaka 1755. Na saini sita za Shakespeare zilizobaki hazifanani tahajia. Hao ndio tunaowaheshimu.

Sasa nisieleweke kwamba hakuna kilichopungua. Kipo, nakiona kaunta kila siku. Kijana wa kidato cha nne anaweza kukwambia kanuni ya "its" na "it's", lakini mwambie aeleze kwa aya tatu alifanya nini kwenye kazi yake ya mwisho, anakwama. Darasa la saba mtihani wake sehemu kubwa ni kuchagua jibu na kusiliba. Akiingia sekondari masomo yote yanageuka Kiingereza baada ya miaka saba ya Kiswahili kwa aliyetoka shule ya serikali, anapewa wiki chache za kozi ya awali, kisha anaanza kukariri notisi za baiolojia. Mtu anaweza kufaulu vizuri bila kuandika barua moja ya kwake tangu mwanzo mpaka mwisho. Barua anayoijua ni ile ya kukariri: "Refer to the heading above." Ni "husika na kichwa cha habari hapo juu" iliyovalishwa Kiingereza. Nimeiona kwenye barua nyingi kiasi kwamba siku isipokuwepo nashtuka.

Lakini ninachotaka ukichukue kwa uzito zaidi ni hiki: makosa hayalingani. Wewe umeyapima yote kwa rula moja.

Tembea kuanzia Soko Kuu mpaka Ngarenaro usome mabango. "Hair Saloon" utakutana nayo kila kona ("saloon" ni baa, ya nywele ni "salon"), na sijasikia mteja aliyeingia kusuka akauziwa bia. "Grosary" inauza bia kweli, na kila mtu anajua. Mwalimu mstaafu akipita hapo anaumia, nami naumia kidogo, ila biashara inaenda. Hayo ni makosa ya kukera tu.

Sasa chukua hili. Kampuni moja ya kupandisha watalii mlimani, ofisi yao ipo Moshi, ililetwa kwangu ratiba yake niipange vizuri na kuprinti. Kiingereza kimenyooka, programu ya kompyuta haikuweka mstari mwekundu hata mmoja. Ndani imeandikwa kwamba dereva atawafuata wageni hotelini "at 12 in the morning". Aliyeandika alikuwa na saa kumi na mbili asubuhi kichwani. Mzungu anayesoma hivyo atakaa na mabegi usiku wa manane, au atalala usingizi mpaka mchana, na siku ya kwanza ya safari imeharibika. Hakuna herufi iliyokosewa hapo. Ni kosa ambalo mimi ningemkata mtu maksi, si "Iam".

Na majina! Hapa ndipo nachukia uzembe kuliko popote. Kwa watu wa Kilimanjaro na Arusha herufi moja inamfanya mtu awe mwingine: Massawe na Masawe, Mollel na Molel, Lyimo na Limo. Mtoto anaandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa, vile kwenye cheti cha shule, na kwenye kitambulisho tofauti na vyote viwili. Siku anaomba mkopo wa chuo au pasipoti ndipo anaambiwa huyu na huyu si mtu mmoja. Wanakuja kwangu kuchapa hati ya kiapo kuelekea kwa wakili, mzee ametoka Rombo kwa nauli ya kukopa, kwa sababu ya "s" moja aliyoila karani asiyejulikana miaka mingi nyuma.

Mwenye kudhani nakuza mambo aangalie Uingereza. Mwaka 2009 ofisi inayosajili makampuni huko ilitakiwa kuandika kwamba kampuni ya Taylor & Son inafungwa. Ikaandika Taylor & Sons. Hii ya pili ilikuwa kampuni nyingine kabisa ya uhandisi, ya zaidi ya miaka 120, yenye wafanyakazi zaidi ya 250. Habari zikasambaa kwa wauzaji wake na mabenki kwamba inafilisika, wakakata mikopo, na ikafilisika kweli. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba serikali inawajibika. Na Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walibishana na mwajiri juu ya malipo ya saa za ziada kwa sababu sheria ya jimbo ilikosa mkato mmoja kwenye orodha ya kazi zisizolipwa ziada. Mahakama ya rufaa ikawapa ushindi mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakakubaliana kwa dola milioni 5. Kwa hiyo mkato una bei, lakini inategemea umekaa wapi.

Kuna jambo jipya ambalo litakushinda zaidi ya hizo barua zenye makosa. Siku hizi napokea vijana wenye barua zisizo na doa, zimeandikwa na akili mnemba. Mikato imekaa sawasawa, misamiati mizito, kila mmoja ana "shauku kubwa na ukarimu". Wa asubuhi na wa jioni barua zao zinafanana kama pacha, na hawajuani. Nikimuuliza mwenye barua sentensi ya pili inasema nini, anatabasamu. Maana yake yule wa katikati amerudi, safari hii ni mashine, tofauti ni kwamba mhazili alikuwa anakuuliza "bosi, ulimaanisha Alhamisi hii au ijayo?" kabla ya kuchapa. Mashine haikuulizi, inajaza. Ukishachoka na "Iam" na kuanza kuchagua barua zinazong'aa, utakuwa umeajiri programu.

Mimi ningekuwa wewe ningeacha kuwapanga kwa barua. Waite ofisini wachache wenye vigezo vingine, uwape kalamu na karatasi, simu zikae kwako. Mmoja mmoja asikilize mazungumzo ya mgeni anayebadilisha tarehe ya safari, kisha aandike ujumbe wa kumjibu, nusu ukurasa. Angalia jina la mgeni limeandikwa sawa, tarehe, saa, kiasi cha pesa, na kama mgeni akisoma atajua afanye nini kesho. Nukta na herufi kubwa utamfundisha ndani ya mwezi, mimi nimefundisha wasichana wangu wa kaunta na leo wananisahihisha. Kichwa cha kuuliza "Alhamisi ipi?" sijui namna ya kukifundisha.

Na swali lako la pili, kwa nini kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya "colour" na "centre" wakati shuleni tulifundishwa hivyo: umekosea mpangilio tu. Imewekwa Kiingereza cha Marekani, ambacho tahajia zake nyingi zilienezwa na Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828. Fungua sehemu ya lugha, chagua Kiingereza cha Uingereza, uiweke iwe ya kudumu kwa mafaili yote. Fanya leo, kabla kijana wako wa tovuti hajamaliza kutii mistari myekundu, maana nimeona ukurasa wenu wa mwanzo una "colour" na ule wa bei una "color".